Mabanda ya ufukweni Zanzibar: mwongozo kamili kwa msafiri wa Lubumbashi

Aliyezoea ziwa Moero kule Kilwa ya Katanga, au ziwa Tanganyika kule Moba, anajua maji yanayokaa mahali pake. Ukiyaacha pale asubuhi, jioni unayakuta palepale. Bahari ya Hindi huondoka na kurudi mara mbili kila siku, na kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, huondoka mbali kweli: mamia ya mita, mahali pengine karibu kilomita nzima. Wengi wanaorudi Lubumbashi wakilalamika kwamba hoteli iliwadanganya kwa picha hawakudanganywa. Picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa, wao wakafika yakiwa yamekupwa. Banda dogo la ufukweni, yaani kijumba cha wageni chenye paa la makuti (majani ya mnazi), linaendeshwa na mwezi, kisima, paa na jiko la mama mmoja, na mambo hayo unapaswa kuyajua kabla hujalipa.

Mwezi kwanza, tarehe baadaye

Maji hujaa kwa muda wa saa sita na dakika chache, kisha hukupwa kwa muda kama huo, na kila siku ratiba nzima husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, na tofauti ya kina Zanzibar inaweza kukaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na bahari haisogei sana.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni hili: Zanzibar, siku za bamvua, maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa kama saa 4 au saa 5 asubuhi (saa zote humu ni za Kiswahili: saa 4 asubuhi ni *dix heures*). Kwa hiyo ukifika siku ya mwezi mpevu, utamaliza kifungua kinywa, utatoka na taulo begani, na mbele yako utaona mchanga, mawe na wanawake wakifanya kazi mahali ulipotarajia kuogelea. Siku saba baadaye mambo yanageuka: maji yanajaa saa 4 au saa 5 asubuhi, na hata yakikupwa jioni hayaendi mbali.

Fungua kalenda yenye mwezi. Kama unakwenda kwa ajili ya kuogelea mchana, panga siku zako nne au tano zizunguke nusu mwezi. Kama unapenda kutembea hadi kwenye mwamba na kuona viumbe wa baharini kwenye madimbwi, chagua bamvua. Ukishafika, uliza mvuvi yeyote "maji yanajaa saa ngapi leo?" Atakujibu bila kutazama simu.

Upande wa kisiwa na majira

Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba kwa mbele na kidimbwi kipana kisicho na kina nyuma yake. Mabanda mengi madogo ya bei nafuu yako huko, hasa Jambiani. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, sakafu ya bahari hushuka haraka zaidi, kwa hiyo unaweza kuogelea karibu saa zote. Malipo yake ni bei ya juu, watu wengi na muziki wa usiku. Mwenye watoto wadogo na siku chache aende Kendwa. Anayetaka kimya na maisha ya kijiji aende Jambiani na akubali kufuata maji.

Likizo kubwa ya shule zetu, Julai na Agosti, huangukia katikati ya kusi, upepo unaovuma kutoka kusini mashariki. Hali ya hewa ni nzuri, haina mvua nyingi, na usiku ni joto la wastani, si baridi ile ya Lubumbashi inayotulazimisha kuvaa makoti mwezi wa sita. Ila pwani ya mashariki hupigwa na upepo moja kwa moja, mwani huletwa ufukweni, na bei ziko juu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari ya mashariki hutulia zaidi. Masika, Machi hadi Mei, ni mvua nzito. Hoteli ndogo nyingi hufunga Aprili na Mei ili kutengeneza mapaa. Zinazobaki wazi hupunguza bei, lakini uliza kama jiko linafanya kazi au utakuta mlinzi peke yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma hata dola moja

Usianze na picha za chumba. Anza na picha ya angani kwenye ramani ya simu: tazama kama kati ya hoteli na maji kuna barabara, kiwanja kinachojengwa au hoteli nyingine. "Ufukweni" wakati mwingine maana yake ni dakika tano kwa miguu. Kisha andika ujumbe wa WhatsApp. Kiswahili chako ni faida kubwa hapa, kitumie. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Habari za kazi. Tunatoka Lubumbashi, watu wawili, usiku wa tarehe 9 hadi 14 Julai. Naomba bei ya banda zima, si ya mtu mmoja. Je, kodi zote zimo? Kifungua kinywa kimo? Maji ya bafuni ni ya chumvi au matamu? Umeme ukikatika, jenereta inawasha feni ya chumbani au taa za mgahawa tu? Tafadhali nitumie video fupi ya banda hilo na ya ufukwe maji yakiwa yamekupwa."

Kila swali lina sababu yake. Bei ya mtu mmoja hugeuka mara mbili siku ya kuondoka. Kuna kodi ya miundombinu inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoona, hulipwa taslimu mwishoni. Kuhusu jenereta, sisi tuliozoea delestaji, yaani mgao wa umeme wa shirika letu SNEL, tunajua tofauti kati ya nyumba yenye jenereta na nyumba yenye jenereta inayofika chumbani. Nyumba nyingi ndogo hutumia mita ya kulipia kabla, wenyewe wanaiita TUKUZA. Uniti zikiisha saa 8 usiku na mwenye nyumba amelala, feni inasimama. Uliza nani anaongeza uniti usiku.

Maji ndiyo swali linalosahauliwa zaidi. Visima vya pwani ya mashariki mara nyingi vina chumvi, kwa kuwa maji ya bahari huingia chini ya ardhi. Hayakudhuru kuoga, ila sabuni haitoi povu na nywele hukauka. Uliza pia ukubwa wa tangi. Hesabu ni rahisi: mabanda 8 yenye watu 16, kila mmoja akitumia lita 60, ni lita 960 kwa siku. Tangi moja la lita 1,000 linakauka jioni, wote wakitoka baharini wakiwa na mchanga. Na kwa kuwa pampu inataka umeme, umeme ukiondoka maji nayo yanaondoka, isipokuwa tangi liwe juu ya mnara na limejaa.

Asiyekubali kutuma video ya maji yakikupwa, mwache. Anayekujibu "maji yetu yana chumvi kidogo, tunaweka ndoo ya maji matamu ya kusuuzia" ni mtu wa kuaminika. Malipo ya awali yawe asilimia 20 au 30, kwa jina la hoteli, si kwa jina la mtu ambaye hujaelezwa ni nani, na uandikiwe ni lini unaweza kughairi na kurudishiwa.

Karatasi

Pasipoti, na kadi ya njano ya homa ya manjano. Kadi hii si ya kubahatisha: Congo ni nchi yenye ugonjwa huo, na Tanzania huidai kwa anayetoka huku. Chanjo inahesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo anayechanja juzi na kusafiri leo anaweza kuzuiliwa. Ukishachanjwa mara moja, cheti hakiishi muda. Lililo muhimu ni jina liandikwe sawasawa na la kwenye pasipoti.

Mambo ya kuingia Tanzania yaulize ubalozi mdogo wa Tanzania hapa Lubumbashi, si kambisti (mbadilisha pesa) wala wakala wa mtaani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa pia kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Ilitangazwa kwa dola 44 kwa mtu mzima. Inunuliwe kwenye tovuti rasmi kabla ya safari, na karatasi uichapishe. Kama unaondoka kwa ndege kutoka Luano, uliza pia kuhusu Go Pass, ada ya abiria ya uwanja wa ndege, ili usije ukaivunja pesa ya safari mlangoni.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Zanzibar na Tanzania Bara pia. Vitu vyako usivifunge kwenye sashe za sokoni.

Pesa

Franka ziache nyumbani. Chukua dola, na uzichague kama unavyozichagua hapa kwetu, ambapo noti yenye mpasuko wa milimita mbili inakataliwa hata na muuza mkate. Huko nako noti za zamani hukataliwa au hubadilishwa kwa bei ya chini, kwa hiyo tafuta za miaka ya karibuni. Noti za 50 na 100 hupata bei nzuri kuliko za 5 na 10 kwenye maduka ya kubadilisha fedha.

Badilisha mjini Unguja kabla ya kwenda ufukweni. Mashine za benki zipo mjini, na chache Paje na Nungwi, ila hukauka siku za sikukuu. Jambiani na Matemwe usitegemee. M-Pesa ya laini yako ya Congo na M-Pesa ya Tanzania ni akaunti mbili tofauti. Ukitaka kulipa kwa simu, sajili laini ya huko kwa pasipoti kwenye duka rasmi. Kwa siku tano weka pembeni shilingi taslimu za chakula, daladala (mabasi madogo ya abiria) na kodi ile ya kila usiku, na pesa za hoteli ziwe kwenye bahasha nyingine.

Njiani

Kwa ndege, kuna wanaopitia Addis Ababa au Nairobi na kutua Zanzibar moja kwa moja, na wanaotua Dar es Salaam. Kwa barabara ni Kasumbalesa, Zambia nzima hadi Nakonde na Tunduma, kisha Dar: takriban kilomita 2,000, siku tatu au nne. Andaa karatasi za Zambia pia.

Sogeza saa mbele mara tu unapovuka. Lubumbashi iko nyuma ya Dar kwa saa moja, na simu iliyozimwa mtandao haijirekebishi. Halafu kuna mtego wa pili: mtu wa huko akisema "boti inaondoka saa moja asubuhi", ni yale tunayoyaita kwa Kifaransa *sept heures*. Aliyezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa arudie kwa sauti: "Saa moja, jua limeshatoka, siyo?" Watu huachwa na boti kwa neno hilo moja.

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar huchukua karibu saa mbili. Nunua tiketi dirishani kwa kampuni yenyewe, usimfuate anayekukimbilia barabarani. Wakati wa kusi mawimbi hupiga sana. Kaa chini, katikati kuelekea nyuma, na kama huna mazoea ya maji, meza kidonge cha kichefuchefu saa moja kabla. Bandarini Zanzibar pasipoti hukaguliwa tena, ijapokuwa umetoka Dar. Iweke karibu.

Nje utakutana na papasi. Hilo ndilo jina la vijana wanaojipatia riziki kwa kumshika mgeni na kumpeleka hoteli inayowalipa. Wakikuambia hoteli yako imefungwa au imeungua, ipigie simu. Sema "ahsante, nina mwenyeji" na uendelee kutembea.

Daladala ndiyo njia ya bei nafuu: namba 309 huenda Jambiani, 324 Bwejuu kupitia Paje, 116 Nungwi, 118 Matemwe. Ni saa mbili hivi za kubanana, na begi kubwa linapanda juu. Teksi huchukua saa moja na robo. Kama unafika jioni, chukua teksi. Giza huingia mapema, na kutafuta njia ya mchanga kati ya kuta bila taa si kazi ya mgeni.

Saa ya kwanza ndani ya banda

Usifungue begi kwanza. Fanya ukaguzi huu mwenye nyumba akiwa bado hapo, maana baada ya kulala usiku mmoja ni vigumu kubadilishiwa.

Tazama juu. Paa la makuti likiwa zima, mchana huoni mwanga ukipenya. Ukiona vitobo vya mwanga, mvua itapita hapohapo. Kisha pitisha kiganja juu ya shuka: ukipata unga laini wa rangi ya mbao, ni dumuzi wanaokula boriti. Hawaumi, ila unga utakuangukia usiku kucha. Omba chandarua chenye kitambaa kizito juu, au kitanda kisogezwe.

Chandarua kifungue chote, kitandaze, tafuta matundu. Tundu la kidole linafungwa kwa uzi au plasta. Lazima kifike chini hadi kiingie chini ya godoro pande zote nne. Kilicho kifupi hakifai. Malaria Zanzibar imepungua mno, lakini mbu wako, na sisi hatuna sababu ya kuwazoea.

Washa feni kwa kasi ya juu kabisa. Ikitikisika, sema sasa. Fungua bomba, lowesha mikono, paka sabuni: isipotoa povu, maji ni ya chumvi, na ndoo uliyoahidiwa uiulize. Oga kabla ya saa 11 jioni, wengine hawajarudi. Funga mlango kwa ufunguo ukiwa ndani, kisha ukiwa nje. Hewa ya chumvi huozesha makufuli. Na soketi: nyingi ni za pini tatu bapa. Chaja zetu za pini mbili za duara haziingii bila adapta. Nunua Dar au mjini Unguja, ufukweni inauzwa ghali.

Kwenye nyumba za kijiji usitupe karatasi chooni. Shimo ni dogo. Suuza miguu kwenye beseni la mlangoni, kwani mchanga ndio unaoziba mabomba ya bafu.

Jiko la mama mmoja

Mgahawa wa banda dogo hauna friji iliyojaa. Samaki hununuliwa boti zikirudi, pweza hupatikana maji yakikupwa. Kwa hiyo chakula cha jioni kiagizwe asubuhi, kabla ya saa sita. Ukiagiza saa 1 usiku utasubiri saa mbili, na utakachopata ni kuku wa kwenye barafu. Mpishi mwambie ulicho nacho hamu, na umwulize bei hapohapo.

Majina yanabadilika njiani. Ukiomba bukari hawatakuelewa; ni ugali, na unga wake mweupe ni sembe. Sombe yetu ni kisamvu, mara nyingi kwa tui la nazi. Ndagala ni dagaa, lengalenga ni mchicha. Jaribu wali wa nazi na pweza wa mchuzi.

Anayependa bia yake ya Simba au Tembo jioni aulize kabla ya kulipia chumba. Nyumba nyingi za wanakijiji haziuzi pombe kabisa na haziruhusu kuingia nayo. Hoteli za kati huuza bia za Tanzania. Mwezi wa Ramadhani, mchana, usile wala usinywe hadharani, hata maji.

Kuingia majini na kutembea mwambani

Muda mzuri wa kuogelea pwani ya mashariki ni saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa mbili baada ya kujaa. Usiogelee karibu na mlango, yaani pengo la kwenye mwamba, maji yakiwa yanatoka: kidimbwi kizima hupitia hapo, na mkondo huo humshinda hata mwogeleaji hodari. Ukibebwa, usipigane nao. Ogelea kuelekea pembeni hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi.

Kutembea hadi mwambani ni raha kubwa, na ndipo ajali za watu wa bara hutokea. Toka nyuma ya maji yanayokupwa, geuka nyumbani yanapokuwa yamekupwa kabisa, usingoje uone yanarudi. Sababu ni umbo la chini: karibu na ufukwe mara nyingi kuna mfereji wenye kina kuliko mchanga wa katikati. Maji yakirudi hujaza mfereji huo kwanza, nyuma yako, ilhali wewe bado unasimama pakavu. Mtu akishtuka, kati yake na nyumba pameshakuwa na maji ya kiunoni. Mtoto asiende bila kushikwa mkono.

Vaa sandali za plastiki zinazofungwa, si kandambili. Kwenye mawe kuna viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama ya nungunungu. Mwiba huingia, hukatika, na hauvutiki kwa kidole. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha uende zahanati kama mwiba umezama ndani.

Vijiti na kamba utakavyoviona vimepangwa kwa mistari ni mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989 hivi, na wengi wa wakulima ni wanawake. Kila kamba ina mwenyewe. Pita pembeni, usivuke juu, na ukitaka kupiga picha, salimia kwanza: "Shikamoo mama, naomba ruhusa." Akikataa, shusha simu.

Salamu hiyo itakufungulia milango mingi kuliko pesa. Kwa mkubwa ni shikamoo, naye atajibu marahaba. Ukikimbilia bei kabla ya habari za asubuhi, utaonekana huna adabu. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Kijijini mwanamke ajifunge kanga kufunika mabega na magoti, mwanamume avae shati.

Siku ya kuondoka

Omba hesabu jioni ya kuamkia safari, si asubuhi dereva akipiga honi. Soma mstari kwa mstari: usiku mangapi, vinywaji, kodi. Bakshishi mpe aliyekuhudumia mkononi. Kome na matumbawe yaache baharini. Kuyasafirisha kunaweza kukuletea matatizo uwanjani. Karafuu na mdalasini nunua sokoni Darajani, pakiti ndogo, uweke kwenye begi la kukabidhi. Kutoka Jambiani hadi bandarini hesabu saa mbili kwa teksi ukijumlisha foleni ya mjini, saa tatu na nusu kwa daladala, na ufike bandarini saa nzima kabla ya boti.